Pikipiki ya Chama Inapogoma: Petroli Ifuatwe Kuanzia Tangini

Katika vyama vingi vya msingi pikipiki kongwe ingali ndiyo miguu ya chama. Lori huja siku ya kuchukua mazao na kuondoka, lakini karani anayepeleka taarifa wilayani, meneja anayefuatilia malipo ya wakulima benki, na mjumbe wa bodi anayezungukia vituo vya kununulia, wote hutegemea chombo kimoja, aghalabu Honda ya aina ya CG125 au nyingine iliyonakiliwa kutoka kwayo. Siku chombo hicho kinapogoma, malipo huchelewa, na mkulima aliyekwisha kupimiwa mzigo wake hana la kufanya ila kungoja.

Yanayofuata huonekana katika hati za malipo. Fundi huitwa, hutazama kwa muda mfupi, hutamka neno “kabureta”, na chama hununua kabureta. Baada ya majuma mawili pikipiki imezimika tena mahali pale pale, na hati nyingine huandikwa, safari hii ya plagi, koili na gharama ya fundi. Kabureta ni mshtakiwa wa haraka kwa sababu ina skurubu nyingi na ni wachache wanaojua kilichomo ndani yake. Lakini mara nyingi kosa liko kabla ya kabureta, mahali ambapo kulitafuta hakugharimu hata senti moja.

Njia inayopitwa na petroli

Honda ilianza kuuza CG125 mwaka 1976, nayo ilibuniwa kwa nchi ambazo barabara ni mbovu na matengenezo ni ya taabu. Kwa hiyo mambo yake ni mepesi. Haina pampu ya petroli. Tangi liko juu, kabureta iko chini, na petroli huteremka kwa uzito wake yenyewe, kama maji ya mfereji yanavyoteremka shambani. Hupita katika chujio la waya, ikaingia kwenye koki, ikapita katika mpira, na kufika ndani ya bakuli la kabureta. Humo mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano fupi inayoziba mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Aliyewahi kufunua tangi la choo cha kuvuta maji anaijua kazi hii tayari.

Kutoka bakulini petroli haisukumwi, bali hufyonzwa. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati. Hewa ipitapo hapo huongeza mbio, mgandamizo wake hupungua, na petroli hupanda kupitia vitundu vya shaba viitwavyo jeti, ikatawanyika kama ukungu. Kilo 1 ya petroli huhitaji kadiri ya kilo 15 za hewa ili iungue barabara. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli huenda na lita 9,000 hivi za hewa, yaani mapipa 45 ya lita 200. Basi petroli inayotakiwa kwa kila pumzi ya injini ni kidogo mno, na kitundu cha kuipitisha ni chembamba mno, hata chembe ya kutu isiyojaa ncha ya sindano yaweza kusimamisha safari ya kilomita 60.

Kabla ya bisibisi

Jambo la kwanza ni kujua kama injini inakosa petroli au inakosa moto. Mwendeshaji apige kiki mara kumi, kisha afungue plagi na kuitazama. Plagi ikiwa kavu kabisa na haina harufu ya petroli, petroli haifiki, na uchunguzi uendelee kama itakavyoelezwa. Ikiwa imelowa chepechepe, petroli inafika, pengine kupita kiasi. Hapo itazamwe cheche, na kabureta isiguswe kwanza. Cheche zijaribiwe kwa plagi iliyofungwa kwenye kofia yake na kugusishwa chuma cha injini, mbali na tundu la silinda ambamo mvuke wa petroli unatoka.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini ya sakafu kimya kimya na huweza kufika kwenye jiko au kibatari kilicho hatua kadhaa mbali. Kazi yoyote ya kufungua mpira wa petroli ifanyike nje, kivulini, injini ikiwa imepoa. Kuifanya ndani ya ghala lenye pamba au magunia ni kuhatarisha mazao ya wanachama wote kwa ajili ya kuukwepa mvua au jua, na mlinzi wa ghala ana haki ya kumzuia hata meneja.

Tangi na kifuniko chake

Yafaa kuanza na lililo dogo: je, petroli imo? Koki iwekwe kwenye akiba, palipoandikwa RES, na pikipiki itikiswe ili kusikia mlio. Si pikipiki moja wala mbili zilizosukumwa hadi kwa fundi zikiwa na petroli ya akiba tangini.

Kisha kitazamwe kifuniko. Kifuniko cha tangi kina kitundu cha kupumulia, kwa maana petroli haiwezi kutoka isipokuwa hewa iingie kushika nafasi yake. Kwenye barabara za vumbi, na zaidi pikipiki inapooshwa kwa maji ya matope, kitundu hicho huziba. Dalili zake huwapoteza mafundi wengi. Pikipiki huwaka vizuri asubuhi, huenda kilomita kadhaa, huanza kulegea kana kwamba imeishiwa, kisha huzima. Mwendeshaji hukaa kando ya njia. Baada ya robo saa hujaribu tena, nayo huwaka kana kwamba haikuwa na neno. Wakati wa mapumziko hayo hewa imepenya polepole.

Kinachostaajabisha ni kwamba ugonjwa huu huzidi tangi linapokuwa limejaa. Watu hushangaa kuona chombo kilichojazwa petroli kikizima mapema kuliko kilipokuwa nusu, wakamlaumu muuza petroli. Sababu ni kwamba juu ya petroli iliyojaa kuna nafasi ndogo ya hewa. Hewa hiyo ndogo ikitanuka kidogo tu, nguvu yake hupungua hata ikashindwa kuiachia petroli iteremke. Tangi la nusu lina hewa nyingi, nayo hustahimili muda mrefu zaidi. Kipimo chake ni rahisi: pikipiki ikizima, kifuniko kifunguliwe pale pale barabarani. Ikisikika sauti ya hewa ikiingia kwa nguvu, na injini ikawaka mara moja, kosa limepatikana. Kitundu kizibuliwe kwa waya mwembamba, na kifuniko kioshwe na kukaushwa.

Kipimo cha chupa

Kifuniko kikiwa hakina kosa, mpira wa petroli uvuliwe upande wa kabureta na kuelekezwa ndani ya chupa ya kioo iliyo safi na kavu, kisha koki ifunguliwe. Ni vizuri kutumia chupa inayoonyesha, kwani kipimo hiki hutoa habari mbili kwa pamoja.

Habari ya kwanza ni ya wingi. Pikipiki inayotumia lita 1 kwa kilomita 40 na kwenda kilomita 60 kwa saa huhitaji lita moja na nusu kwa saa, yaani mililita 25 tu kwa dakika. Koki iliyo safi hutoa zaidi ya hapo mara nyingi. Chupa ya soda ya mililita 300 yapasa kujaa kwa dakika mbili tatu au chini yake. Ikidondosha matone, au ikianza kwa nguvu na kufifia, kizuizi kiko juu ya mpira. Koki hujaribiwa katika nafasi zote mbili, ya kawaida na ya akiba. Chini ya koki nyingi pana kikombe kidogo cha kukusanyia takataka, nacho hufunguliwa kwa spana bila kuling'oa tangi. Katika pikipiki ya umri wa miaka 20 ambayo kikombe chake hakijafunguliwa hata mara moja, kinachotoka humo hufanana na uji wa ulezi.

Habari ya pili ni ya usafi. Chupa iachwe imetulia kwa muda wa robo saa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hujitenga na kulala chini, na mpaka kati yake na petroli huonekana wazi. Maji huingia kwa njia ya mapipa yaliyolazwa nje wakati wa masika, ya madebe yasiyokaushwa, na ya umande unaojifanya ndani ya tangi lililoachwa nusu tupu miezi mingi. Yakifika ndani ya bakuli la kabureta hukaa chini, karibu na jeti kuu, na injini hukohoa na kufa hasa mwendeshaji anapoongeza mwendo. Hapo hakuna kilichoharibika. Tangi na bakuli vimwagwe, vikaushwe, na petroli mpya ichujwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Lakini kitambaa huzuia takataka tu. Maji mengi hupita, na dawa yake ni kuacha yatulie na kumimina petroli ya juu peke yake.

Kuna pia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Nchini Tanzania mamlaka ya EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kupambana na udanganyifu huo, lakini petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia hupita mikono mingi kabla ya kufika tangini. Tone moja liwekwe juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi na karibu haiachi alama; yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalodumu. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo huwaka kwa shida ikiwa baridi, hutoa moshi, na hugonga inapopanda mlima. Kubadili jeti kwa ajili ya petroli mbovu ni kazi bure.

Bakuli na boya

Ikiwa petroli inatoka vema mpirani, sasa ndiyo zamu ya kabureta, na hata hivyo si kuifungua yote. Chini ya bakuli pana skurubu ya kumwagia. Mpira urudishwe, koki ifunguliwe, skurubu hiyo ilegezwe. Petroli ikitoka kidogo na kukoma, ilhali mpirani ilikuwa ikitiririka, sindano ya boya imekwama au mlango wake umeziba. Kugonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi huikwamua mara nyingi, angalau kwa kumfikisha mtu nyumbani.

Hali iliyo kinyume ni kabureta inayotapika. Petroli hudondoka chini hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu uchafu umezuia sindano kufunga, au ncha yake imelika, au boya limetoboka na kujaa petroli. Boya la shaba likitikiswa karibu na sikio husikika kama lina kitu ndani. Kosa hili laonekana dogo, lakini ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote yaliyotajwa. Koki ikiachwa wazi usiku kucha, petroli inaweza kupitia kabureta ikaingia katika silinda na kuchuruzika hadi kwenye oili. Asubuhi kipimo cha oili huonyesha kimo kilichoongezeka, na oili hunuka petroli. Injini isiwashwe kabisa. Oili iliyoyeyushwa hivyo hailindi vyuma, na safari moja ya kwenda wilayani yatosha kuziua bearingi. Bei ya sindano ya boya hailinganishwi hata kidogo na bei ya kuifungua injini. Kufunga koki kila jioni iwe sehemu ya makabidhiano ya pikipiki, kama ufunguo.

Mkono wa aksileta husema mengi

Kabureta haina njia moja ya petroli bali kadhaa, na kila njia ina zamu yake. Aksileta ikiwa imefungwa au imefunguliwa kidogo sana, kazi hufanywa na jeti ndogo pamoja na skurubu yake ya kurekebishia. Kutoka robo hadi robo tatu, hufanywa zaidi na sindano ndefu inayopanda na kushuka pamoja na kizibo cha aksileta. Kutoka robo tatu hadi mwisho, jeti kuu ndiyo inayotawala. Kipande cha plasta kibandikwe kwenye mkono wa aksileta na kuchorwa alama za robo, nusu na robo tatu, kisha mwendeshaji aende mahali pasipo na watu na kuangalia ni kwenye alama gani injini inakosa raha.

Pikipiki isiyotulia kwenye silensa lakini inayokimbia vizuri ina jeti ndogo iliyoziba, na hiyo ndiyo huziba kwanza kwa kuwa ndiyo nyembamba kuliko zote. Inayotulia vizuri lakini ikikosa nguvu aksileta inapofunguliwa yote yahitaji kutazamwa kwa uangalifu zaidi. Ikikosa nguvu papo hapo, jeti kuu itiliwe shaka, au chujio la hewa. Lakini ikienda kwa nguvu mwendo wa nusu kilomita ndipo ikalegea, jeti ni nzima. Bakuli ndilo linalotumika upesi kuliko linavyojazwa, na mtafutaji arudi juu kwenye koki na kifuniko. Tofauti hii ya nusu kilomita imewaponyoka mafundi wenye vyeti.

Choki nayo ni shahidi. Injini iliyokwisha pata moto ikiwa yaenda vizuri zaidi choki ikiwa imevutwa kidogo, basi inakula hewa nyingi kuliko petroli. Ama jeti imeziba, ama hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, kati ya kabureta na silinda, ambapo gasketi au kiungo cha mpira kimepasuka. Matone ya maji yapakwe hapo kwa brashi injini ikiwa kwenye silensa. Mlio ukibadilika, ufa umepatikana. Wengine hutumia petroli kwa jaribio hili juu ya injini ya moto, jambo ambalo halifai kabisa. Kwa injini zile kongwe za aina inayochoma oili pamoja na petroli, hasa ambazo oili huchanganywa ndani ya tangi, kula hewa nyingi ni hatari maradufu, kwani petroli ikipungua na oili hupungua, na pistoni huweza kung'ang'ania silinda.

Moshi mweusi na plagi yenye masizi husema kinyume: petroli imezidi hewa. Chujio la hewa lililojaa vumbi ndilo la kwanza kulaumiwa, na choki isiyorudi yote ni ya pili. Milimani kuna sababu nyingine. Kwenye kimo cha mita 2,000, kama sehemu za Njombe, hewa ni nyepesi na uzito wake ni kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani, wakati jeti ni ile ile. Pikipiki iliyorekebishwa Mtwara ikipelekwa huko itatoa masizi na kupoteza nguvu pasipo ugonjwa wowote. Rangi ya plagi isomwe kwa hadhari pia. Vitabu vya zamani viliandikwa wakati wa petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006, na petroli ya leo huacha rangi hafifu zaidi.

Kusafisha na kuandika

Inapothibitika kwamba jeti imeziba, isafishwe kwa pumzi ya pampu ya baiskeli na petroli safi, au kwa uzi wa mshipi wa nailoni. Waya wa chuma usitumike. Shaba ni laini, na kitundu kikipanuliwa kidogo tu, namba iliyochongwa juu ya jeti inakuwa uongo, na pikipiki itakula petroli maisha yake yote. Kabla ya kuitoa skurubu ya kurekebishia, izungushwe ndani taratibu hadi iguse, mizunguko ihesabiwe na kuandikwa. Isipofanywa hivyo, hakuna ajuaye ilikuwa wapi. Skurubu iliyo upande wa injini huongeza petroli inapolegezwa, na iliyo upande wa chujio la hewa huipunguza, ingawa fundi wa haraka huzitendea zote sawa.

Kwa upande wa vitabu, daftari la pikipiki lionyeshe si kilomita na lita peke yake, bali pia dalili: ilizima wapi, baada ya mwendo gani, tangi likiwa na kiasi gani, na chupa ilitoa nini. Bodi inayoombwa kuidhinisha kabureta mpya ina haki ya kuuliza maswali hayo, na ya kudai kifaa cha zamani kirudishwe stoo kabla fedha hazijatoka. Penye majibu, mara nyingi kinachonunuliwa ni gasketi au mpira wa petroli.

Hatari kubwa huja msimu unapofungwa. Pikipiki husimamishwa ghalani, petroli ndani ya bakuli hugeuka gundi ya rangi ya kahawia, na mwezi Mei, ununuzi wa pamba unapofunguliwa, jeti ndogo imekwisha kuziba. Siku ya kuiweka, koki ifungwe injini ikiwa inanguruma na iachwe hadi izime yenyewe, kisha skurubu ya bakuli ilegezwe na mabaki yamwagwe ndani ya chupa. Kazi hiyo huchukua muda usiozidi dakika kumi, nayo iandikwe katika daftari siku ile ile pamoja na jina la aliyeifanya.